Usione Vyaelea: Timu Teule Huundwa na Ligi

Katika mwezi wa Agosti mwaka 2025 timu ya Tanzania ya wachezaji wa ligi ya nyumbani ilifanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya kabla. Katika michuano ya CHAN, iliyoandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda, iliifunga Burkina Faso mabao 2-0, ikaifunga Mauritania bao 1-0, ikaifunga Madagaska mabao 2-1, kisha ikatoka sare bila bao na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Safari yake ilikomea robo fainali, tarehe 22 Agosti katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa bao 1-0 la Moroko, nchi ambayo ndiyo iliyolitwaa kombe siku chache baadaye.

Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini shangwe zikisha kutulia, mtu mwenye busara hukaa akajiuliza timu ile ilitoka wapi. Swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu CHAN si mashindano kama mengine. Tangu yalipoanzishwa mwaka 2009 nchini Ivory Coast, sharti lake ni moja: kila mchezaji awe anacheza katika ligi ya nchi yake. Anayesakata kandanda Ulaya au Uarabuni hana nafasi, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo timu inayokwenda huko ni kombaini ya ligi. Ligi ikiwa na afya, kombaini huwa na afya. Ligi ikiwa gonjwa, ugonjwa wake huonekana mchana kweupe mbele ya bara zima la Afrika. Wahenga wetu wa mwambao walikwisha kulisema hili kwa maneno machache: usione vyaelea, vimeundwa.

Tunaandika makala hii tukiwa Buzwagi, kando ya mji wa Kahama, katika Mkoa wa Shinyanga. Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza kisa cha kuitazama timu ya taifa kutoka mahali palipo mbali hivi na bahari. Jawabu letu ni kwamba ukanda huu wa dhahabu, unaoanzia Kahama hadi Geita, una somo ambalo visiwa vyetu vinalihitaji. Na ndugu zetu wengi wa visiwani wanaishi na kufanya biashara katika miji ya huku, wala hawaoni kuwa wako ugenini.

DHAHABU ILIPITA, VIWANJA HAVIKUBAKI

Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009. Kwa muda wa miaka 12 mwamba ulipasuliwa kwa baruti, ukavunjwa, ukasagwa, ukatolewa dhahabu na shaba. Mwaka 2021 uzalishaji ukakoma, na eneo lile likapangiwa kazi nyingine, kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Ndivyo ilivyo tabia ya mgodi popote duniani: una siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, na siku ya kufa hujulikana mapema.

Sasa tuitazame kandanda ya ukanda huu katika miaka hiyo hiyo. Mjini Shinyanga ilikuwapo Stand United, klabu iliyoanzishwa na vijana wa kituo cha mabasi, wapiga debe na wenzao, ambao wapenzi wao waliwapa jina la "Chama la Wana". Vijana hawa wasiokuwa na tajiri walipanda hadi Ligi Kuu katika msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 wakapata udhamini wa kampuni ya Acacia, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa na migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu. Neema ilipoingia, ugomvi nao ukaingia. Wakatokea waliotaka klabu iwe kampuni, na waliotaka ibaki mikononi mwa wanachama. Mdhamini akajitoa, na mwisho wa msimu wa 2018/19 klabu ikashuka daraja.

Si mbali na hapo ipo Mwadui, mahali ambapo John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Klabu ya Mwadui, yenye sifa tangu enzi za baba zetu, ilirudi Ligi Kuu katika msimu wa 2015/16. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa janga la korona, mgodi ulisimamisha kazi. Mwaka uliofuata timu nayo ikashuka daraja. Hatudai kwamba jambo la kwanza lilikuwa sababu pekee ya la pili. Tunachosema ni kuwa klabu inayoegemea ukuta mmoja haina budi kuuogopa ufa wa ukuta huo.

Kisha ikaja Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita, iliyosaidiwa na mgodi mkubwa wa mji huo. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza ukawashangaza watu wote: ilimaliza katika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Nafasi hiyo ikaipeleka kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilitolewa katika hatua ya awali na Hilal Alsahil ya Sudani. Mpole akaondoka kwenda kucheza Kongo. Mwisho wa msimu wa 2023/24, miaka miwili tu baada ya ile nafasi ya nne, Geita Gold ikashuka daraja.

Matokeo yake ni haya: katika msimu wa 2024/25, ambao ndio uliotangulia michuano ya CHAN, Ligi Kuu yetu ilikuwa na timu 16, na miongoni mwake haikuwamo hata moja ya Shinyanga wala ya Geita. Mikoa iliyotoa dhahabu na almasi za nchi haikuwa na klabu katika ligi iliyozaa timu ya taifa. Wachezaji waliobeba jina letu wengi wao walitoka katika klabu chache, hasa Yanga, Simba na Azam za Dar es Salaam.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha ni tunda la maendeleo, na kwamba anayezifanya kuwa msingi wake hujidanganya. Wapo waliodhani mafundisho hayo yamepitwa na wakati. Tunawaomba waje Shinyanga na Geita wayaone yakithibitika katika uwanja wa mpira. Fedha ya mgodi iliweza kununua mchezaji na kulipa mshahara. Haikuweza kuwapatanisha wanachama, wala haikuweza kumlea mtoto wa miaka 12 mpaka akawa beki. Kazi hizo hutaka watu walio tayari kuzifanya na uongozi ulio mwaminifu, na vitu hivyo haviuzwi dukani.

VISIWA NA KOMBAINI YAO

Sasa tugeukie nyumbani. Zanzibar ni nchi ya kombaini tangu zamani. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa kushindaniwa na Kenya na Uganda, lilipata Tanganyika mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo ndilo mzazi wa Kombe la Chalenji, ambalo Zanzibar ililitwaa mwaka 1995 nchini Uganda. Wazee wetu wanaikumbuka siku ile kama wanavyokumbuka sikukuu.

Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, wa 55. Furaha haikumaliza miezi mitano. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, katika mkutano wa Rabat, uanachama ule ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Uchungu ulikuwa mkubwa, na hatutaki kuudogosha. Klabu zetu zinabaki na haki ya kushiriki michuano ya klabu za Afrika, lakini timu yetu teule haina mlango wa kupitia kwenda Kombe la Mataifa kwa jina lake.

Walakini tazameni kilichotokea mwezi wa Desemba mwaka ule ule wa 2017. Zanzibar Heroes walikwenda Kenya katika Kombe la Chalenji, wengi wakiwahesabu kuwa wasindikizaji. Waliifunga Rwanda mabao 3-1, wakaifunga Tanzania Bara mabao 2-1, wakatoka sare na wenyeji Kenya, na katika nusu fainali wakaitoa Uganda, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa mabao 2-1. Katika fainali ya Machakos walitoka sare ya mabao 2-2 na Kenya, wakashindwa kwa mikwaju ya penalti. Hati ya uanachama walikuwa wamenyang'anywa, na mpira wakaucheza. Januari 2025, katika uwanja wa Gombani kisiwani Pemba, walilitwaa Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2-1. Haya yanatuonesha kwamba mlango wa Cairo au wa Zurich ukifungwa, mlango wa Gombani na wa Amani haujafungwa.

Kocha wa Zanzibar Heroes mwaka ule wa 2017 alikuwa Hemed Suleiman, ambaye wengi humjua kwa jina la Morocco. Mwaka 2023 akakabidhiwa Geita Gold, huku huku katika ukanda wa dhahabu. Januari 2024 alishika usukani wa Taifa Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, na Agosti 2025 ndiye aliyeiongoza ile kombaini ya ligi hadi robo fainali ya CHAN. Mtu mmoja ameziunganisha njia tatu ambazo viongozi wetu huzizungumza kama kwamba haziwahi kukutana: kombaini ya visiwa, klabu ya mkoa wa madini, na timu ya taifa.

Vijana wetu nao wamo. Feisal Salum alitoka JKU ya Unguja akaenda Yanga mwaka 2018, kisha Azam. Naye ndiye aliyeifungia Tanzania bao dhidi ya Tunisia mwezi wa Desemba 2025 nchini Moroko, katika sare ya 1-1 iliyotupeleka hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza. Ibrahim Hamad na Mudathir Yahya ni damu ya visiwa vilevile. Tunajivunia. Lakini tujiulize: kijana akisha kuondoka, kile kiwanja alichokulia hupata nini? Ikiwa jibu ni kwamba hakipati kitu ila sifa za kusimuliwa barazani, basi visiwa navyo ni mgodi. Tunachimbwa, na shimo linabaki.

WATAKAOTUPINGA

Wapo watakaotupinga kwa mfano wa mpira wa kikapu. Watasema: Sudani Kusini ni nchi changa iliyopata uhuru mwaka 2011, haina ukumbi wa maana wa kikapu nyumbani, na bado timu yake ilicheza Kombe la Dunia mwaka 2023, na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ikaifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Iko wapi ligi iliyoizaa?

Hoja hii ni nzuri na inastahili jibu. Vijana wale hawakuota wenyewe kama uyoga. Wengi wao ni watoto wa wakimbizi waliolelewa katika shule, vyuo na ligi za Australia na Marekani, na Luol Deng, aliyewahi kung'ara katika ligi ya Marekani, akafanya kazi kubwa ya kuwakusanya. Ligi iliyowazaa ipo, ila ni ya watu wengine. Bei iliyolipwa kuipata ilikuwa vita na uhamisho wa watu wengi, na hakuna mzazi atakayeitamani.

Sisi wenyewe tuna mfano wetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kikapu ya Marekani mwaka 2009, akaenda Memphis. Nchi nzima ilijua jina lake. Lakini mnazi mmoja mrefu haufanyi shamba. Majirani zetu wa Rwanda walikwenda kwa njia nyingine: mwaka 2019 walimaliza kujenga ukumbi mkubwa mjini Kigali, na mwaka 2021 msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika ukachezwa humo. Wao walianza na nyumba, kisha wakamwita mgeni.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani, mfano ulio karibu zaidi ni Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Nacho ni kisiwa, nacho hakina utajiri wa kujivunia. Katika CHAN iliyochezwa Algeria mwaka 2023 walishika nafasi ya tatu. Katika ile ya 2025, baada ya kufungwa na sisi katika makundi, walijikusanya wakafika fainali ya Nairobi, na ilibidi Moroko ifunge mabao 3 ili kuwashinda kwa mabao 3-2. Mara mbili mfululizo si bahati.

YATUPASAYO

Hatutaki kulaumu pasipo kushauri. Tunaipongeza Serikali kwa mengi iliyoyafanya. Uwanja wa Amani ulifunguliwa upya Desemba 2023. Hamasa ya Rais Samia Suluhu Hassan, iliyoanza mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika michuano ya Afrika, iliwatia moyo wachezaji na watazamaji. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limekabidhiwa kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Haya ni matunda. Lakini mkulima anayemwagilia matunda na kuiacha mizizi kavu hatavuna mara ya pili.

Kwanza, fedha ambazo kampuni za migodi hutoa kwa huduma za jamii zitengewe fungu la michezo lisilohamishwa, na fungu hilo lisiishie katika mishahara ya timu moja ya mji. Lijenge viwanja vya kata, lisomeshe makocha na waamuzi, liendeshe ligi za watoto. Mgodi ukifungwa, mshahara hukatika siku ile ile. Kiwanja na mwalimu aliyefunzwa hubaki. Geita bado ina mgodi. Kahama imekwisha kuona wa Buzwagi ukifungwa. Wa Geita wasisubiri.

Pili, klabu zetu za Unguja na Pemba ziache kuwatoa vijana kwa ahadi za mdomo. Kila kijana anayevuka bahari aende na mkataba wa maandishi unaoipa klabu iliyomlea sehemu ya fedha, leo na siku atakapouzwa tena. Viongozi wa shirikisho letu wana wajibu wa kuwasaidia makatibu wa klabu ndogo, ambao wengi hujitolea, kuiandika mikataba hiyo.

Tatu, wateuzi wa timu za taifa watoke Dar es Salaam. Wafike Wete na Mkokotoni, wafike Kahama na Geita, wakae juani kwenye michezo ya daraja la chini na ya shule. Huku Buzwagi, tani nzima ya mwamba ilitoa gramu chache tu za dhahabu, na hakuna mchimbaji aliyeikataa kazi kwa sababu mawe ni mengi. Kombaini inayochaguliwa kwa kutazama televisheni huwa ni kombaini ya timu zinazooneshwa kwenye televisheni.

Nne, na hili tunawaambia wenzetu wa Chama na Serikali: tusiende kwenye timu siku ya kukabidhi bendera tu. Picha ya kiongozi na wachezaji ni jambo jema, lakini mkuu wa wilaya atakayezuia kiwanja cha mtaa kisigeuzwe kuwa maduka ameisaidia timu ya taifa kuliko mpiga picha kumi. Ndugu zetu wa Shinyanga walioigawa klabu yao kwa ugomvi wametufundisha kwa gharama kubwa kwamba hata mdhamini mwenye mgodi hawezi kuiokoa nyumba ambayo wenyewe wanaibomoa.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu hakumpa mtoto msahafu mzima siku ya kwanza. Alianza naye kwa herufi, akamvusha juzuu ya Amma, sura fupi fupi, mpaka siku ya kuhitimu wazazi wakapika pilau. Aliyetaka pilau bila juzuu alichekwa. Kandanda, na kikapu, na kila mchezo, una juzuu zake. CHAN ya 2025 ilituonesha kwamba tunaweza kufika robo fainali kwa ligi inayolishwa na mikoa michache. Hebu na tufikirie ingekuwaje kama Shinyanga, Geita, Unguja na Pemba nazo zingelilisha chungu hicho kwa ukamilifu. Jawabu limo mikononi mwa viongozi wa halmashauri, wa klabu na wa mashirikisho, na msimu mpya ukianza wananchi watakuwa na haki ya kuwauliza wamefikia wapi.